Tazameni Sikio Langu

Ijumaa moja ya Desemba niliwaingiza watoto wa kanisa letu, wakicheza ngoma, kwenye ubatizo wa watu tusiowajua. Niliwaongoza mwenyewe, kwa madaha, na sadaka yetu tukaiweka mbele ya madhabahu yao: ndizi, mchele na nanasi moja kubwa. Huwezi kurudi kudai nanasi kwa watu wanaobatiza mtoto. Nimefikiria njia zote.

Lawama naiweka juu ya jeshi la anga.

Shuleni tulikuwa tumeambiwa tuandike historia ya kikundi chochote cha watu wanaofanya kitu pamoja. Wenzangu wakakimbilia timu za mpira. Mimi nikachagua kikosi cha ndege za sarakasi cha nchi moja ya mbali, kwa sababu wiki hizo ndege za maonyesho zilikuwa zikifanya mazoezi juu ya Doha kwa ajili ya Sikukuu ya Taifa, na niliona kwamba nikisimama dirishani bila kuosha vyombo naweza kusema nafanya utafiti.

Tunaishi Al Thumama, ambako ndege za abiria hupita chini hadi unatamani kuzisalimia. Hizo nimezizoea. Hizi nyingine zilikuja kama zimefungwa kwa uzi mmoja, zikageuka pamoja, zikaacha moshi mweupe na wa rangi ya damu ya mzee, kisha zikaenda zao. Moshi ukabaki. Ukanyooka, ukalegea, ukawa kama ndoto unayojaribu kuikumbuka huku inakuponyoka. Mimi nilibaki na moshi. Chai inapoa, naitwa, siitiki.

Kikosi nilichokisoma kilianzishwa na walimu wa urubani. Mchana kutwa walifundisha watu kupaa na kutua; wakimaliza, walibaki angani na vile vindege vyao vya kufundishia, vyenye pangaboi puani, wakichezacheza. Hakuna aliyewatuma. Wakubwa wao walipowaona, badala ya kuwafukuza, walizipaka ndege zao rangi. Nikaipenda sana serikali hiyo. Baadaye zikaja jeti, ukaja na moshi, ambao kumbe si moshi wa moto bali ni mafuta yanayonyunyizwa kwenye joto la injini. Marubani walizeeka, wakaja wengine, lakini kanuni ikabaki ileile: rubani wa ubavuni haangalii mbele wala haangalii ardhi. Anachagua alama moja kwenye ndege ya kiongozi, na alama hiyo ndiyo dunia yake yote. Nikisoma hapo nilikuwa naanza kuelea.

Palikuwa pia na ukurasa wa kiongozi aliyechelewa kuinua ndege yake, na wale waliomfuata hadi chini bila kuangalia kwingine. Huo niliupita haraka, kama mtu anayepita makaburini.

Sasa, mama. Mama ni muuguzi, na Ijumaa zake zote huishia wodini. Dadangu mdogo hucheza ngoma ya sadaka kanisani, Mesaimeer, ambako makanisa mengi yana kumbi mahali pamoja na ibada huwa Ijumaa, na mama hakuwa amemwona hata mara moja. Januari dada alikuwa anarudi Kenya kukaa na nyanya na kuanza shule huko. Basi ilikuwa Ijumaa hiyo au basi. Mama alibembeleza watu kazini, akabadilishana zamu, akapata.

Mwalimu wa ngoma, anti mmoja wa Uganda anayefanya kazi hotelini West Bay, aliniweka mbele kwa sababu mimi ndiye mrefu. Tatizo la watoto ni kwamba wakimwona mzazi wanasimama kumpungia mkono. Nikawaletea sayansi.

"Rubani haangalii mlango, haangalii mama yake," niliwaambia. "Rubani anatazama sikio langu la kushoto."

"Sikio lako ni chafu," dada akasema.

"Ndiyo maana ni rahisi kuliona."

Siku yenyewe tulijipanga nje, uani. Anti alikuwa ndani na ngoma. Mama alikuwa kiti cha mbele, simu tayari mkononi. Milango ya kumbi zile imefanana kama mapacha, na nyimbo za makanisa yote hukutana uani na kuwa wimbo mmoja usio na lugha. Ngoma ikalia. Na wakati uleule, juu yetu, zikapita zile ndege. Zilikuwa ndogo, kimya kwanza, halafu mngurumo. Nikaanza kucheza huku nimeinua uso, moshi ukifunguka taratibu kama kitambaa majini, na miguu yangu ikajiendea yenyewe hadi mlango uliofuata wetu.

Tulicheza wimbo mzima humo ndani, ngoma ya anti ikitusindikiza kupitia ukuta. Walikuwa Wahindi, kina mama wamevaa sari za sherehe, na kasisi alisimama na mkono unaodondosha maji, akingoja kwa adabu. Walidhani ni sehemu ya ratiba. Walipiga makofi. Nilipogeuza kichwa kumtafuta mama, watoto wote wakazunguka upande wa pili kulifuata sikio.

Nje, dada akasema, "Mimi niliona si kwetu."

"Na ukanyamaza?"

"Si ulisema tusiangalie?"

Nikakumbuka ule ukurasa.

Kwetu ibada ilikuwa imekwisha. Anti alikuwa amepiga ngoma hadi mikono ikalegea, na watu wa ibada inayofuata walikuwa wanaingia, kwani ukumbi ni wa zamu. Mama alikuwa amesimama karibu na maegesho, simu bado mkononi. Dada alipomwona, akajificha nyuma yangu.

"Mama," nikasema, "kihistoria, hata marubani—"

"Nyamaza," mama akasema. "Nimeiomba Ijumaa hii tangu Pasaka, na siingii kwa gari kabla sijamwona mtoto wangu akicheza. Watoto, jipangeni hapa hapa, kati ya hiyo Prado na ukuta. Anti, tupigie hata makofi tu. Na wewe mkora, shika huu mkoba wangu, usimame pale kando."