Maziwa ya Kufukuza Shaba

Baba alianza kuvimba miguu baada ya kustaafu kazi ya kiwanda cha shaba, na kwa kiburi chake alisema viatu ndivyo vilivyopungua. Alikuwa mwimbaji wa sauti nzito katika kwaya ya kanisa letu hapa Likasi. Jumapili aliyoketi katikati ya wimbo, akihema, mama alimburuta hospitali, nami nikawasindikiza.

Daktari alikuwa kijana mpole, tena mwenye kupenda kueleza. Alisema moyo wa baba unasukuma damu, lakini umekakamaa, haulegei vizuri kuipokea. Ndani ya nyama ya moyo kuna nyuzi zinazoishikilia, na kuna kimeng'enya kinachozifunga nyuzi hizo moja kwa nyingine. Kikizidisha kazi, zinafungamana mno na moyo unakuwa mgumu. Akaongeza, kwa furaha ya kujua anaongea na mzee wa shaba, kwamba kimeng'enya hicho hakifanyi kazi bila chembe ya shaba.

Baba akanigeukia. "Umesikia? Ni mukuba," akasema, yaani shaba.

Daktari akamwandikia dawa, akamkataza chumvi, akampunguzia maji ya kunywa. Yote hayo baba aliyaitikia "ndiyo, dokta" bila kuyasikia. Akili yake ilikuwa imebaki kwenye shaba.

Kiwandani, enzi zake, wafanyakazi walikuwa wakipewa maziwa, na wenyewe waliamini kwamba yanaosha mwilini vumbi la shaba na mvuke wa asidi. Basi akarudi nyumbani akajitibu: maziwa ya unga, kikombe asubuhi, kikombe mchana, jagi zima jioni. Mama alipomkumbusha maneno ya daktari, alikuja juu.

"Alikataza maji! Ile ni maziwa, mama. Miye niko nafukuza mukuba ku moyo."

Tulicheka. Kwa kweli tulifurahi kumwona mgonjwa mwenye bidii hivyo.

Alivimba mpaka tumbo, akawa analala ameketi. Tulipomrudisha hospitali, daktari aliuliza anakunywa nini, mama akataja maziwa. Daktari akavuta kiti, akaeleza upya: shaba ile ni kidogo mno, inatoka kwenye chakula, kila mtu anayo, na hakuna maziwa ya kuiondoa. Majagi yale yalimwongezea moyo mzigo tu.

Ninasikitika kwamba hakusema hayo siku ya kwanza. Ninasikitika zaidi kwamba aliyasema siku ile, maana baba hakuuliza kama atapona. Alikaa akitafuta hewa, akataja wenzake wa kiwandani aliowazika, wale waliokufa wakikohoa. Kisha akamwinulia daktari macho.

"Dokta, na ile maziwa balikuwa banatupatia ku kazi miaka yote, ilikuwa inatusaidia nini?"

Daktari akamwambia kwa upole kwamba hayakuosha kitu. Baba hakutoka tena hospitali ile, na sikumsikia akiuliza swali jingine. Nilitamani sana daktari angemdanganya.