Nyumba Arobaini na Moja

Majirani walimbandika jina Dodoso, maana popote alipokwenda alikumbatia furushi la karatasi za maswali. Alikuwa mwanafunzi wa uzamili, na utafiti wake kuhusu watoto kuharisha ulikuwa mlango wake wa kutokea. Matokeo yakifika Ijumaa, profesa wa ng'ambo angemwingiza kwenye mradi wa nchi sita. Yakichelewa, nafasi angepewa mwingine.

Utaratibu aliopewa ulikuwa mwepesi: bisha hodi asubuhi, usipoitikiwa, nenda nyumba inayofuata. Aliruka nyumba arobaini na moja. Matokeo yakatoka matamu kama asali: karibu watoto wote wazima wa afya!

Jumatano akampelekea shangazi yake, muuguzi wa zahanati ya mtaa, jedwali alione. Shangazi alilisoma huku amemshika mtoto mkono, kisha akaangua kicheko.

"Watoto wa mtaa huu hawaharishi? Basi hawa wanaonichafulia sakafu wameshuka kutoka mwezini?"

"Shangazi nawe! Nimefuata utaratibu."

"Umebisha hodi saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Saa tatu mama mwenye mgonjwa yuko kwangu, kwenye benchi hilo. Msomi mzima, mwanangu, umekwenda kuwatafuta wagonjwa kwa wazima!"

Dodoso aligeuka. Benchi lilijaa akina mama, vichwa vya watoto vimelegea mabegani. Akamuuliza wa kwanza anakaa wapi. Nyuma ya kinu cha kusaga, akajibiwa. Akapekua karatasi zake. Nyumba ile aliiruka.

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini dawa hugawiwa kwa kufuata takwimu, na mtoto asiyehesabiwa hatengewi hata kijiko. Alimwandikia profesa kila kitu, akaomba wiki mbili za kurudia utafiti.

Jibu lilikuja Ijumaa, mistari miwili. Nafasi amepewa mwingine. Akimaliza, atume matokeo; yatasomwa.

Alilia, tena kwa kwikwi. Shangazi hakumbembeleza sana.

"Lia, ukimaliza unawe uso. Akina mama wameshatoka zahanati sasa, wako majumbani."

Siku hiyohiyo saa kumi jioni alianza upya. Mpaka jua linazama alikuwa ameingia nyumba saba. Tano kati ya hizo zilikuwa na mtoto aliyeharisha wiki ile, na katika moja, kitanda kidogo cha mtoto kilikuwa kimekunjwa, kimeegemezwa ukutani, hakina tena wa kukilalia. Hapo alikaa muda mrefu kuliko dodoso lilivyotaka.