Siku Redio Alipohojiwa

Dereva wa gazeti alibandikwa jina la Redio, na hakuwahi kununa, kwa sababu ni kweli. Akianza kuongea asubuhi, ofisi nzima inachoka kabla ya kazi. Ukimpa siri, umeitangaza. Ndiyo maana mwandishi wao alipowekwa mahabusu, wote walimtazama Redio kwa hofu.

Mwandishi alikuwa ameandika kwamba dawa za wagonjwa zinatolewa stoo ya hospitali kwa mlango wa nyuma na kuuzwa madukani. Wauzaji wako nje wanatanua. Yeye yuko ndani, anabanwa amtaje aliyempa habari. Amekataa katakata. Aliyempa ni muuguzi wa hospitali ileile, na aliyemfikisha mwandishi kwa muuguzi ni Redio. Hakuuliza njia: muuguzi ni shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe.

Tangu hapo Redio hatulii. Anaosha gari lililo safi, anachungulia dirishani, anakaa, anasimama. Hajamwambia mkewe kwamba aliyetoa habari ni dada yake, maana mdomo wa mama huyo nao hauna kufuli. Sijui walioana kwa sababu gani nyingine.

Hatimaye wapelelezi wakamwita.

"Huyo mwandishi ulikuwa unampeleka wapi?"

"Mkuu, kwa gari lile? Kwanza nikueleze habari ya gia."

Akaeleza. Gia ikamleta kwa fundi, fundi kwa mke wa fundi, mke wa fundi kwa kiuno cha mama mkwe. Akiulizwa mtaa, anajibu mashimo ya barabara. Mpelelezi aliandika, akaacha kuandika, akavua miwani. Shati lilimganda Redio mgongoni. Aliogopa kupumua, maana akinyamaza kidogo tu, jina lingetoka lenyewe.

"Mtoeni huyu! Kichwa kinaniuma!"

Alifika nyumbani. Shemeji alikuwa mezani, amekuja kuwajulia hali. Alipomwona Redio, kijiko kiligonga sahani.

"Huyo mwandishi wenu kichwa ngumu!" mkewe alisema huku akipakua. "Si amtaje tu huyo mtu, arudi kwa wanawe? Aliyemponza yuko wapi? Anakula, anashiba, analala!"

Shemeji aliweka kijiko chini. Uso ulikuwa umemsawijika.

"Mdogo wangu," alisema, "huyo mtu..."

"Shemeji!" Redio alidakia, karibu amwage maji. "Hujasikia habari ya gia!"

Akaanza upya: gia, fundi, mke wa fundi. Akaigiza mpelelezi anavyovua miwani. Kila alipopunguza kasi alimwona shemeji akivuta pumzi ili aseme, naye akaongeza sauti.

Mkewe alicheka hadi akashika mbavu. Shemeji alikuwa analia, na Redio hakuthubutu kunyamaza.