Kufuata Jina Langu Mawe Meupe

Nilitoka Kitengela Jumanne kwa sababu wakwe walikataa kula na maiti. Maiti ni mimi, Kimeu. Binti yangu Ndinda alikuwa ameposwa na kijana wa Kajiado, na mbuzi za posa zilikuwa zije Jumamosi. Kumbe mjomba wa kijana, Mzee Ole Nkoyo, alipita Mawe Meupe akitafuta ng'ombe aliyepotea, akasomewa majina kwenye jiwe la ukumbusho wa watu waliofunikwa timboni, pale tulipokuwa tukichimba mawe. La tatu lilikuwa langu. Akatuma neno: "Sisi hatupelekei marehemu mbuzi. Aje asimame na mimi mbele ya hiyo jiwe."

Saa moja asubuhi nilipanda lori tupu la kokoto, mbele na dereva. Kitengela kulikuwa kumenyesha, na ule udongo mweusi ulikuwa umenishika viatuni kama deni. Tulipopita Isinya nyua zilipungua, uwanda ukafunguka, na pundamilia walikuwa wakila na mbuzi bila kugombana.

"Unaenda kufanya nini Kajiado?" dereva akaniuliza.

"Kujitoa kaburini."

Aliongeza mwendo tu.

Saa nne nilimkuta Ole Nkoyo akiningoja Kajiado, karibu na reli. Alinigusa bega kwa fimbo, mara mbili, kama mtu anayepima ng'ombe sokoni.

"Sopa," akanisalimu kwa Kimaasai.

"Epa," nikaitikia.

"Huyu marehemu amenona."

Tukashika njia ya zamani ya malori, saa mbili kwa miguu. Ardhi huko ni nyekundu, kisha ghafla kinainuka kilima cha mawe meupe kama meno. Wamaasai waliita kilima hicho Oibor, yaani cheupe, na walichunga hapo kabla ya mtu yeyote kujua kuna marumaru. Kisha ikaja kampuni na baruti, na sisi Wakamba tukaja na nyundo. Mji ukaota: barabara moja, kanisa la mabati, baa mbili, na duka la Abdi aliyetoka Garissa, aliyetuuzia chai na mafuta ya taa. Tulikuwa tukicheka sana miaka ile. Hata mbwa wa pale walikuwa weupe kwa vumbi.

Tulikuwa na desturi moja. Ukiingia shimoni asubuhi unatundika kibati chako cha namba kwenye msumari. Ukitoka, unakichukua. Kibati kikibaki, mtu amebaki.

Sasa naandika majina, na yasomwe. Baada ya mvua ya El Nino ukuta wa timbo ulikuwa na ufa wa kuingiza mkono. Nyapara Zakayo aliuona. Akasema, "Ufa haujaua mtu, ingieni." Ukuta ukashuka. Mimi nilitolewa upande wa nyuma, mguu umevunjika, nikapelekwa hospitali kwa pikapu ya mbuzi, na kibati changu kikabaki msumarini. Karani Fredi alihesabu vibati vitano na maiti wanne. Hakwenda hospitali kuuliza. Alisema wa tano yuko chini ya mawe, akatoa majina yote matano yachongwe, akaenda kula.

Saa sita tukafika. Baa ziliezuliwa, duka la Abdi ni kuta tu, na shimo limejaa maji, mbuzi wanakunywa. Watu wachache wamebaki wakivunja vipande vya marumaru kuwa kokoto za sakafu. Mmoja ni Mama Musyoka, ambaye mwanawe alikufa siku ile. Aliponiona alishika kichwa, akaangusha nyundo, halafu akanipiga kofi la mgongo.

"Kimeu! Kila Jumapili nakuombea upumzike, kumbe unapumzika mjini na nyama choma!"

"Mama, nilikuwa na hasira. Sikutaka kuona hapa tena."

"Hasira haina mdomo wa kusema niko hai?"

Nikamwokotea nyundo. Tukaenda kwenye jiwe la majina. Nikatoa tindo nifute jina, lakini Mama Musyoka akanishika mkono. Herufi zilichongwa kubwa na kubanana. Ningekwangua langu ningekula la Musyoka juu na la Kilonzo chini.

"Mtoto wangu huwezi kumfuta mara ya pili," akasema.

Ole Nkoyo akapiga fimbo chini. "Jina likibaki hivi, mbuzi zitabaki."

Nikapapasa jiwe kwa kiganja. Kisha nikakumbuka vile karani alikuwa akiandika kitabuni kila jioni, kando ya jina la kila aliyechukua kibati chake. Kando ya jina langu kulikuwa na nafasi ya kiganja. Nikachonga polepole, Mama Musyoka akipuliza vumbi: ALITOKA.

"Imesema nini?" Ole Nkoyo akauliza.

"Alitoka."

"Hata mtoto ataelewa. Jumamosi mfunge mbwa wenu, hizo mbuzi ni waoga."

Mkono ulikuwa umepata moto, nikataka kuongeza chini Zakayo na Fredi. Mama Musyoka akaninyang'anya tindo.

"Hii ni jiwe ya walioingia. Zakayo aliingia lini?"

Ndiyo maana nimewaandika hapa kwenye karatasi.

Jioni nilirudi Kitengela na lori la nyasi, nikiwashwa mwili mzima. Jumamosi mbuzi walikuja watatu, na Mama Musyoka akaja nao, akala kuliko wakwe wote. Somo nililorudi nalo ni dogo, lakini limenigharimu miaka: ukitoka shimoni, piga kelele hata kama mguu unauma. Ukinyamaza, karani atakuandikia.