Blanketi la Chumba Namba Nne

Aibu nyingine mtu hufa nazo kimya kimya, lakini hii nawapa kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa sababu Likoni nzima inayo tayari, na wanavyoisimulia huko mtaa wa Shika Adabu wameshaniongezea mpaka mito na foronya. Mimi sikuiba kitu, jamani. Niliazima. Kosa langu ni kwamba mwenyewe sikumwambia.

Mnamjua Katana, mtoto wa kaka yangu Kaingu. Mama yake alifariki kabla hajaanza shule, nikamlea mimi, na siku zote nikimwambia kwamba akipata mchumba posa yake nitaipeleka mwenyewe mpaka ikubaliwe. Basi akampata Wakesho, msichana wa Kitaita anayefanya kazi Magongo, mpole, anaimba kwaya, anajua kupika wali usioshikana (hilo nililihakikisha mwenyewe, mara mbili). Kwao ni Wundanyi, huko juu milimani. Tukatakiwa tupande na posa, mshenga nikiwa mimi, kwa kuwa ukoo mzima ulikubaliana kwamba hakuna anayeweza kusema sana kunishinda, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani wananisifu.

Wakesho akasema tulale kwao, nafasi ipo. Nikakataa. "Mshenga halali nyumba anayoposa," nikamwambia. "Akikoroma usiku, asubuhi ataongea na nani?" Nikaamua tulale moteli, tuonekane watu. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo tu. Katana akaniomba, "Shangazi, beba sweta." Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nimezaa watoto wanne, baridi itanifanya nini?" (Mpaka leo sijui uzazi na baridi vinahusiana wapi, lakini nilipolisema lilikuwa na uzito wake.)

Tukafika. Mji mzuri, wa kale, kanisa la mawe la wamisionari, ofisi za tangu enzi za mkoloni, na ukungu unaingia mpaka sebuleni bila kubisha hodi. Moteli nayo ilikuwa ndogo, safi, ya mwenyeji wa pale pale, ila siku ile hakuwapo. Mama wa mapokezi alituambia bosi wake ana shughuli ya kifamilia. Akatueleza pia kwamba milimani kuna mapango yenye mafuvu ya wazee wa zamani, wamehifadhiwa kwa heshima kulingana na mila. Nikaitikia kwa adabu, huku moyoni nikiwa nimeshajua kilichowaua.

Sasa, chumba changu kilikuwa namba nne, na kitandani palikuwa na blanketi. Sisemi blanketi kama haya yetu. Lilikuwa la sufu, zito, ukijifunika unahitaji msaada kutoka, na pembeni limetiwa uzi mwekundu: CHUMBA 4. Nililala kama mtoto. Balaa lilianza asubuhi, maana mtu wa pwani hatoki nyumbani bila kuoga hata nyumba ikiwaka moto, nami nikaoga, wallahi (ndiyo, mimi ni Mkristo, lakini Mombasa hilo neno ni letu sote), yale maji yakanitoa roho ikasimama kando inanitazama. Meno yakagongana, hotuba yangu yote niliyoikariri ikapotea. Nikajiuliza: mshenga anayetetemeka ataposa nini? Nikalichukua lile blanketi, nikajizungushia kiwiliwili, nikalifunga kwa leso, nikavaa dera juu. Jioni ningelirudisha kitandani, nani angejua?

Kaingu aliponiona akashangaa. "Dada, umenenepa usiku mmoja?"

"Ni chai ya maziwa," nikamjibu.

Huko kwa kina Wakesho tulipokewa vizuri ajabu. Shikamoo, marahaba, viazi vikuu, chai. Na mimi, kwa joto nililokuwa nalo, niliongea siku hiyo! Wazee wakaitikia kwa vichwa, wakasema subirini tu ami yake Wakesho, Mwakio, yuko nyuma anasimamia mbuzi, yeye ndiye msemaji wa mwisho wa ukoo. Wakati tunamngoja, wanawake wakaingia kwa nyimbo kupokea zawadi. Kwenye vitu walivyoagiza lilikuwemo blanketi la nyanya yake Wakesho, na Kaingu alikuwa nalo kwenye mfuko, kona ya mbali. Lakini mama yake Wakesho, mwanamke mchangamfu kupita kiasi, akanikumbatia, akanibonyeza mbavu, akainama, akaona pindo limechungulia chini ya dera.

"Jamani!" akapiga ukelele. "Mshenga ametuficha blanketi la Nyanya!"

Walidhani ni mzaha wangu. Wakanivamia. Mmoja kavuta leso, mwingine kavuta blanketi, nikazungushwa pale mbele ya wazee mpaka nikabaki na dera peke yake, nimekonda ghafla. Vigelegele vikalia, Nyanya akafunikwa, akalipapasa lile blanketi, machozi yakamtoka. "Tangu mzee wangu aende," akasema, "sijapata joto namna hii." Hapo ndipo ningesema. Mtu mwenye akili angesema. Mimi nikafungua mdomo wangu huu unaosifiwa ukoo mzima, nikasema, "Vaa, Nyanya, ni lako."

Na Kaingu, maskini, hajui lolote, akainuka na mfuko wake. "Na la pili hili hapa!" Akalitoa blanketi letu tulilonunua soko la Kongowea. Kwetu lile ni blanketi, ukijifunika nalo unaamka umelowa jasho. Nyanya akaliinua mwangani, akaniona mimi upande wa pili.

Ndipo akaingia ami Mwakio, anafuta mikono. Akatusalimu vizuri, akaketi karibu na Nyanya, ambaye ni mama yake mzazi, akalishika blanketi, akalishika tena, akageuza pembe.

"Mama," akauliza, "wewe umelala chumba namba nne?"

Kumbe mwenye moteli ndiye huyo, na shughuli ya kifamilia ndiyo sisi! Nikajaribu, "Ami, ni baridi, niliazima, jioni ningelirudisha." Akaniambia polepole, "Mama, tutampaje mtoto wetu kwa watu wanaotoka na matandiko?" Nikamtazama Katana. Alikuwa ameinamisha kichwa, amejishika mikono vile vile alivyojishika siku ya maziko ya mama yake, na hapo utani wote ukaniisha. Niliona aibu mpaka nikatamani yale mapango yaniongeze na mimi. Nilimwahidi jambo moja tu maishani, na jambo hilo nilikuwa nimelivunja kwa mikono yangu.

Mwakio akanyoosha mkono alichukue blanketi. Nyanya akalikamata kwa mikono yote miwili.

"Acha, Mwakio. Zawadi ya posa ikishapigiwa vigelegele hairudi. Likirudi hili, posa nayo imerudi. Wataka Wakesho azeekee hapa, akufulie mashuka?"

Wazee wakanong'onezana, wakakubali kwamba mila ndivyo ilivyo. Mwakio akamtazama Wakesho, ambaye alikuwa analia bila sauti, akalitazama blanketi, akamtazama tena Wakesho. Nadhani blanketi lilimuuma zaidi. Mwisho akaliachia. "Haya, posa imepokelewa," akasema, kisha akaliokota lile letu la Kongowea kwa vidole viwili. "Na hili litatandikwa chumba namba nne."

Mliosahau, mwenye chumba namba nne nilikuwa mimi, na gari letu lilikuwa la kesho yake. Nilijifunika gubigubi, na dari nikaiona.

Katana ameoa, namshukuru Mungu. Mimi nimekoma: nikikaribishwa kulala kwa watu, nalala, hata nikikoroma, na nikiambiwa beba sweta nabeba mbili. Siku ya harusi Nyanya alishuka na ukoo wake mpaka Likoni, jua linapasua vichwa, akakaa meza ya mbele anajipepea kwa sahani. Akaniita kwa sauti iliyofika mpaka jikoni.

"Shangazi, kumbe kwenu ni joto hivi! Sasa lile blanketi zito uliloniletea, ulilipata wapi?"

Akacheka na meno yake yote matatu, na ami Mwakio pembeni yake akiningoja nijibu.

"Nyanya," nikamwambia, "kula pilau."