Vidonge Alivyoletewa Mama

Maabara ya hospitali ile ilinuka spiriti, na chini ya spiriti kulikuwa na harufu nyingine tamu-tamu, ya kitu kama uji uliolala. Watu wengi wakiisikia hukunja pua. Mimi niliipenda siku ile ile ya kwanza, nikiwa na miaka kumi, nimesimama kwenye dirisha la kupokelea vipimo na kichupa cha usaha wa mama yangu mkononi. Leo nafanya kazi ndani ya harufu hiyo kutwa nzima, na watu wakiniuliza nimeingiaje kwenye mambo ya vijidudu, mimi mtoto wa mchuma karafuu wa Mtambile, huwaambia kwamba niliingia kwa mguu wa mama.

Ulikuwa msimu wa karafuu, na mwaka ule mikarafuu ilizaa mpaka watu wakachoka kushukuru. Skuli madarasa yalibaki nusu, watoto tuko kwenye karafuu. Jioni nyumba nzima tulikaa kwenye majamvi tukichambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule, vidole vikitukereketa. Mama alikuwa hodari wa kuchuma. Akishapanda mkarafuu humuoni tena, unasikia maneno yake tu huko juu akiwatania wenzake. Siku moja aliteremka akakanyaga kijiti kilichovunjika, kikamwingia katikati ya unyayo. Akakichomoa, akacheka, akahamia mti wa pili. Aliporudi nyumbani, mimi nikafanya kazi niliyosifika nayo. Kila nyumba ya kwetu ilikuwa na rangi mbili, vile vidonge vya ganda, upande mwekundu na upande wa manjano. Wenyewe vimetengenezwa vimezwe, lakini sisi tulivifungua tukamwaga unga wake kwenye kidonda. Nilikuwa na mkono mwepesi, sipotezi hata chembe, majirani wakaniita Daktari, na kichwa kikanivimba kweli kweli. Nikammwagia mama unga asubuhi na jioni. Kidonda kikafunga gamba zuri juu, nami nikajisifu, kumbe chini ya gamba mambo yanachemka.

Baada ya siku kadhaa mguu ulivimba, mama akawa hatoki kitandani, na wageni wakaanza kuja. Kwetu huendi kumtazama mgonjwa mikono mitupu. Watu walileta machungwa, ndizi, mikate ya boflo, na kila mmoja akaleta na dawa iliyombakia nyumbani. Bi Mize, jirani yetu wa nyuma, alileta vidonge vyeupe vilivyobaki alipougua kifua mjukuu wake. Mzee Faki mwenye duka akaleta vinne vya rangi nyingine. Shangazi akatoka Kengeja juu ya gari la abiria, na vyake kavifunga kwenye pindo la kanga. "Wallahi nimepona navyo mimi," kila mmoja aliapa. Na mama yangu, jamani, hakuwa mtu wa kumvunja mtu moyo. Utamwambiaje aliyetoka Kengeja na uzee wake kwamba dawa yake huitaki? Alimeza viwili mbele ya kila mgeni, akasema ahsante, Mungu akulipe, na vilivyobaki akavimaliza kesho yake. Kisha akaja mgeni mwingine. Mimi niliokota yale makaratasi ya kung'aa yaliyofungia vidonge, na maganda yote, nikayatia kwenye kifuko changu, maana nilikuwa na duka langu la dawa la kuchezea chini ya dirisha.

Siku homa ilipomtikisa mpaka kitanda kikalia, baba alimpeleka hospitali, nami nikafuatana nao kumhudumia. Daktari akautazama mguu, akatoa kalamu, akachora mstari kwenye ngozi chini kidogo ya goti, pale wekundu ulipokuwa umefika. Akamwita baba pembeni. Sikusikia yote, lakini nilisikia neno kukata, na nikamwona baba akiushika ukuta. Mchuma karafuu wa mguu mmoja atapanda mti gani? Daktari akarudi kitandani akauliza ni dawa gani mama alizokwisha kutumia. Mama, na meno yanagongana kwa homa, akajibu, "Sijatumia kitu, daktari. Maji ya chumvi tu." Nikamtazama baba. Baba akaitazama sakafu. Mama alikuwa anawasitiri majirani zake, asije mtu akasema fulani kamlisha sumu, na mguu wake mwenyewe hakuuhesabu. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka.

Ndipo muuguzi akanituma na kile kichupa dirishani kwa Bi Zuwena, mpimaji wa maabara. Bi Zuwena alikuwa mama mfupi, mnene kidogo, koti jeupe juu ya baibui na kandambili miguuni, na alizungumza na vijidudu kama mtu azungumzavyo na kuku wake. "Haya, tokezeni tuonane," alisema akipaka usaha kwenye kipande cha kioo. Akakipitisha juu ya moto, akamwagia rangi ya zambarau, akasuuza, akamwaga nyingine. Aliponiona sibanduki dirishani, akaniita ndani, akanivutia kiti na kuniinamisha kwenye hadubini. Lo! Niliona vitu vya mviringo vimekaa vichala vichala, zambarau tupu, kama zambarau zenyewe mtini. "Hao ndio wanaomla mama yako," akasema. "Na usinitazame hivyo, hata wewe unao puani, na mimi ninao. Hukaa na sisi kwa heshima mpaka wapate mlango." Kisha akanionyesha madude makubwa ya rangi ya waridi, na ndani ya mengine nikaona vile vidude vya zambarau vimemezwa. Akaniambia hao ni askari wa mama, na kwamba usaha ambao watu wanauona uchafu, mwingi wake ni askari waliokufa wakimpigania. Sijapata kusikia jambo zuri kama lile tangu nizaliwe. Mama yangu amelala hoi, hana nguvu za kushika kikombe, kumbe ndani yake kuna jeshi halijalala.

"Sasa niambie wewe, mwanangu," akasema, "mama kameza nini?" Kumkadhibisha mama yangu mbele ya mtu baki lilikuwa jambo zito kwangu, na kuwataja akina Bi Mize na shangazi lilikuwa zito zaidi. Lakini mstari wa kalamu ulikuwa machoni mwangu. Nikatoa kifuko, nikamwaga duka langu lote juu ya meza yake. Nilingojea aseme ala! Nilingojea acheke au anigombeze. Hakufanya hata kimoja. Aliyapanga yale makaratasi kwenye sinia, akasoma moja moja, akaniuliza kila dawa ilimezwa siku ngapi, akaandika. Nikamwambia na ya ule unga wa rangi mbili, niliokuwa nikiumwaga mimi kidondani. Akaniambia, "Umefanya ulivyofundishwa. Leo umefanya vizuri zaidi." Akachukua karatasi akaenda wodini mwenyewe, kandambili zikipiga, amwambie daktari dawa zipi asipoteze nazo wakati.

Aliporudi aliueneza usaha kwenye sahani ya kuoteshea vijidudu, akapanga juu yake vikaratasi vidogo vya mviringo, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Zile alizokwisha kutumia mama akaziweka humo humo. Vijidudu viachwe vikue, akasema, na dawa inayovishinda itaacha duara tupu kuzunguka karatasi yake. Tukangoja siku mbili. Daktari alikuwa ameanza sindano, lakini wekundu uliuvuka mstari kiasi cha upana wa kidole. Baba alipewa karatasi ya idhini ya kukata mguu, akaikunja, akaifungua, akaikunja tena, hakuitia saini. Mimi nilikuwa kila baada ya sala nakwenda kusimama mlangoni kwa Bi Zuwena, naye hakunifukuza hata mara moja. Asubuhi ya siku ya tatu alikuja wodini mbio mbio na sahani imefunikwa. Vijidudu vilikuwa vimeota mpaka ukingoni mwa karatasi ya ile dawa ya rangi mbili. Vimeota mpaka kwenye dawa ya Bi Mize, na ya Mzee Faki, na ya shangazi, na hata ile ya sindano iliyoanzwa. Karatasi moja tu ndiyo ilikuwa na duara, safi, pana, limekaa peke yake. Daktari akabadilisha sindano saa ile ile.

Wekundu ulirudi nyuma ya mstari, polepole, na baba akaichana ile karatasi ya idhini vipande vidogo visivyosomeka. Mama alipopata nguvu za kukaa, nilikiri kwake kwamba nimeyasema yote. Akanikazia macho. "Umewataja?" Nikamwambia Bi Zuwena hakuniuliza nani kaleta, aliuliza nini na siku ngapi tu. Mama akasema, "Basi yule mama ana adabu." Kwa kipimo cha mama yangu, hakuna sifa iliyo juu ya hiyo. Nami nakubaliana naye. Tangu siku zile nimekutana na wataalamu wengi wenye elimu kubwa, na wachache sana kati yao wangeiacha ile fursa ya kumwaibisha mtu.

Bi Zuwena amekwisha kustaafu. Mama yupo, na akialikwa harusi ya kijiji cha pili huenda kwa miguu yake yote miwili, tena mbele ya vijana. Maabara zetu siku hizi zina mashine ambazo Bi Zuwena hakuziota, na mtoto wa skuli anajua maana ya bakteria kabla hajabalehe. Lakini watu bado wanapelekeana vidonge vilivyobaki, kwa mapenzi yale yale, vijidudu navyo vinazidi kuzizoea dawa, na mimi nasoma sahani kila siku. Ile dawa iliyoacha duara mwaka ule, mara nyingi sasa naiona imezungukwa na vijidudu hadi ukingoni mwa karatasi. Nasema wazi, naogopa. Usaha ule wa mama ungeletwa dirishani kwangu leo, ningefanya yote aliyoyafanya Bi Zuwena, kwa mkono alionifundisha yeye, na sijui kama ningekuwa na sahani yenye duara ya kukimbia nayo wodini.