Maman Alikuwa Anaonja

Juzi, kwenye arusi moja ya ukoo wetu kule Mururu, walinipa mrija nionje pombe ya ndizi kabla ya wageni. Kwetu mwenyeji hutangulia kunywa, ili mgeni aone kwamba hakuna sumu. Harufu ile ya ndizi iliyochacha ikanipanda puani, na mkono wangu ukakataa.

Nilimkumbuka Maman. Papa na kaka yangu walikuwa wamekimbilia Bukavu wakati wa vita, na hatukuwa na habari zao. Alasiri moja, nikiwa bado mtoto, mvua ilipiga mabati. Maman alikaa na kibuyu mapajani, mrija mdomoni, macho mlangoni.

"Maman, unakunywa tena?"

"Hapana, mwana. Niko naonja tu. Bageni bako mu njia."

Nilimwamini kabisa. Niliona fahari kuwa na mama asiyeogopa sumu, anayeonja kutwa nzima kwa ajili ya wengine. Nikafagia, nikapanga viti viwili, cha Papa na cha kaka. Mrija ukikoroma, Maman aliinuka akajaza kibuyu tena kutoka kwenye bidoni, lile dumu la pombe.

Siku hizi, kazini kwangu, nawaeleza watu kwamba ulevi ni ugonjwa, na kwamba mtu akisaidiwa mapema hupona. Lakini alasiri hiyo jirani yetu alisimama mlangoni, akamtazama Maman, akaniuliza polepole:

"Maman yako ni mugonjwa? Nimusaidie?"

"Hapana," nikamjibu haraka. "Tuko tunangojea bageni."

Akaviangalia vile viti viwili vitupu, kisha akarudi mvuani.